Mdomo wa Imaculata

Imaculata Luambano aliporudi nyumbani kwake Mjimwema, baada ya wiki saba za tiba ya mionzi Dar es Salaam, alikuta sebule imejaa wanawake wa jumuiya, wameketi kwenye mikeka kama watu waliokwisha kupewa taarifa. Mmoja alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mwingine alimwinamia Romanus, mdogo wake Imaculata, akimuuliza kwa sauti ya chini dada yake huweka wapi vitenge vyake vizuri, maana vitahitajika.

Imaculata alisimama mlangoni na begi lake. Shingo upande wa kushoto ilikuwa imeungua hadi ikawa nyeusi. Kinywani alijiona kama mtu aliyelamba makaa: ulimi mkavu, mashavu ndani yamechubuka, na koo ambalo hata mate ya kumeza halikuwa nayo. Alikuwa na maneno mengi ya kusema. Akachagua machache, kwa sababu kila neno lilikuwa linamkwaruza.

"Msiba wangu bado haujatangazwa," alisema. "Aliyeleta majani ya chai ayaache jikoni. Tutaonana Jumapili kanisani."

Waliondoka mmoja mmoja, wengine wamenuna. Romanus alibaki amesimama na bakuli la supu ya kuku.

"Dada, wamekuja kukufariji."

"Wamekuja kunipima."

Alijaribu ile supu. Kijiko cha kwanza kilimtoa machozi, cha pili akakirudisha bakulini. Siku hiyo alikunywa maji ya vuguvugu tu, akalala na njaa, na hasira ikiwa pale pale.

Wanaomfahamu hawakushangaa. Imaculata alikuwa mbishi tangu Maposeni alikozaliwa. Baba yake aliposema msichana akimaliza la saba inatosha, yeye alikwenda kuketi kwenye ngazi za nyumba ya paroko, asubuhi hadi jioni, siku tatu, mpaka paroko alipopanda baiskeli mwenyewe kwenda kuzungumza na mzee. Alisoma, akawa mteknolojia wa dawa, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtu wa chumba cha dawa katika hospitali moja pale Songea mjini. Wagonjwa walimjua kwa kuwa hakukubali mtu aondoke dirishani bila kurudia kwa mdomo wake mwenyewe namna ya kumeza vidonge. "Niambie tena," alikuwa akisema. "Mara ngapi? Kabla ya kula au baada?" Wapo waliomchukia kwa hilo.

Alipokuwa na miaka hamsini na moja aliota uvimbe nyuma ya ulimi. Akapimwa, ikawa saratani, akapelekwa Dar es Salaam. Mionzi ilifanya kazi yake, uvimbe ulisinyaa. Lakini mionzi haina adabu ya kuchagua. Iliupita ugonjwa ikaunguza na vilivyo jirani: tezi za mate zikakauka, na ule utando laini unaofunika mdomo kwa ndani ukababuka. Madaktari walimwambia vidonda vitapona taratibu. Asukutue kwa maji ya chumvi, na avumilie.

Neno "uvumilie" alilitafuna njia nzima kutoka Dar es Salaam, kilomita karibu elfu moja za kukaa kwenye basi na chupa ya maji mapajani.

Wiki mbili baadaye, akiwa amepungua hadi sketi zikawa zinashikwa kwa pini, alirudi kazini. Mganga mfawidhi, Dokta Clinton, kijana wa miaka thelathini na sita aliyehamishiwa Songea kutoka Moshi, alimwita ofisini.

"Shikamoo, dada Imaculata."

"Marahaba, Daktari."

"Karibu tena. Tumekutafutia nafasi masjala. Kazi ni nyepesi, hutalazimika kuongea sana. Na kama utapenda kustaafu kwa sababu za kiafya, nitakusaidia na barua."

Imaculata alinywa maji kidogo kutoka kwenye chupa yake kwanza. Siku hizo hakuweza kusema sentensi mbili bila kulowesha ulimi.

"Saratani ilikuwa mdomoni, Daktari. Mikono yangu haijaugua. Naomba funguo za chumba changu."

Alipewa funguo.

Chumba cha dawa kilikuwa na meza ya kuchanganyia ambayo haikuwa imetumika miaka mingi. Zamani hospitali ilitengeneza marhamu na dawa za maji zake yenyewe. Mizani ilikuwapo, na kinu cha kaure, na chupa za rangi ya kahawia. Imaculata alivisafisha. Alikuwa amesoma kwenye simu yake, kitandani, siku ambazo hakuweza kufanya kingine, kwamba ng'ambo ziko dawa za kupaka kinywani zilizotengenezwa kwa mafuta maalumu. Zikigusa unyevu hutanda na kushika juu ya sehemu iliyochubuka, zikaikinga wakati nyama inajijenga chini yake. Songea hazikuwa zimefika. Lakini kanuni yake haikuwa ngeni kwake. Utando wa mdomo wenyewe umejengwa kwa seli, na kila seli imezungushiwa mafuta. Mionzi imeyavuruga mafuta hayo. Basi, aliwaza, kinachohitajika ni mafuta ya kuziba mahali palipofunguka, si peremende ya kunyonya na si dawa ya kutia ganzi peke yake.

Jaribio la kwanza lilikuwa mafuta ya ufuta yaliyosafishwa, basi. Yaliteleza yote, yakashuka kooni, mdomo ukabaki kama ulivyokuwa. La pili aliongeza lesithini ya soya, kitu kinachojua kushika mafuta kwa mkono mmoja na maji kwa mkono mwingine. Akazidisha. Ikanata kwenye meno kama utomvu wa fenesi, na baada ya siku tisa chupa nzima ikanuka karanga zilizooza. La tatu alipunguza lesithini, akaongeza gliserini, akatia vitamini E kidogo ili mafuta yasiharibike, na badala ya kupasha motoni akapasha kwenye maji ya moto. Alipoyapaka kinywani aliketi kwenye stuli akisubiri kuwashwa.

Hakuwashwa. Alipitisha ulimi kwenye shavu na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili haukukwaruza. Kitu chembamba, laini, kilikuwa kimekaa pale. Kilikaa karibu saa nne.

Tumpe, muuguzi wa kutoka Mbeya aliyekuwa rafiki yake wa karibu, ndiye alikuwa akimchungulia mdomo kila Jumatatu kwa tochi na kijiti cha kukandamizia ulimi. Wiki ya kwanza alihesabu vidonda kumi na kimoja, ya pili tisa, ya tatu tisa vilevile. Ya nne vikawa vinne.

"Dada, unapona," Tumpe alisema.

"Ningepona tu, labda. Andika kama ulivyoona, usiongeze furaha."

Imaculata aliandika maombi kwa kamati ya dawa ya hospitali: aruhusiwe kuwatengenezea wagonjwa wengine waliotoka kwenye mionzi. Kamati ilikataa. Dokta Clinton alimweleza sababu mwenyewe, bila dharau.

"Vidonda kupungua kwa mtu mmoja si ushahidi. Unajua hivi hupona vyenyewe baada ya muda. Na tukimpa mtu kitu cha kutengenezwa mezani, akapata maambukizi, nani atajibu?"

"Mimi."

"Hospitali ndiyo itakayojibu."

"Ni kweli usemalo, mtu mmoja si ushahidi," alisema Imaculata, akanywa maji. "Basi niruhusu nimpate wa pili."

Hakuruhusiwa. Na hapa watu wengi waliosimuliwa habari hii hudhani aligawa dawa kwa kificho. Hakufanya hivyo. Ubishi wake haukuwa wa namna hiyo. Alitaka mlango ufunguliwe, hakutaka kupita dirishani.

Mwezi wa Julai, baridi ya Songea ikiwa kali na vumbi limejaa kila mahali, akaletwa Mzee Jumanne, mkulima wa ufuta kutoka Namasakata kule Tunduru. Naye alikuwa ametoka kwenye mionzi. Mwanawe alimshika mkono kama anayemwongoza kipofu, ingawa macho ya mzee yalikuwa mazima. Alikuwa hajala chakula cha kutafuna siku kumi na nane. Alipokuja dirishani, Imaculata alimwamkia. Mzee akafungua mdomo kuitikia marahaba, sauti isitoke, damu ikachirizika pembeni mwa midomo.

Imaculata alifunga dirisha. Akamshika mzee mkono wa pili, wakapanda naye ngazi taratibu hadi ofisi ya mganga mfawidhi, ambako Dokta Clinton alikuwa na wageni wawili. Hakubisha hodi.

"Daktari, mchungulie mdomoni."

"Dada Imaculata, nina kikao."

"Nimeona. Mchungulie, kisha uendelee."

Wageni waliangaliana. Dokta Clinton alinyanyuka, uso umemwiva, akachukua tochi mfukoni. Mzee Jumanne alifungua mdomo kadiri alivyoweza. Daktari alitazama kwa muda mrefu. Alipozima tochi hakuwa tena na hasira.

"Pole sana, mzee wangu," alisema. Kisha akamgeukia Imaculata. "Kila chupa ipimwe maabara kwanza kama ina vijidudu. Mgonjwa aelezwe na atie saini. Ahudhurie kila siku tatu. Akizidiwa, unaacha hapo hapo."

"Nimeyaandika yote hayo kwenye maombi uliyoyakataa."

"Usinishinde mara mbili kwa siku moja, dada."

Majibu ya maabara yaliporudi, Mzee Jumanne alipakwa. Imaculata alimweleza kilichomo, kimoja kimoja, na alipotaja ufuta mzee alimkazia macho.

"Ufuta?" alinong'ona.

"Ufuta, mzee."

"Nimeulima miaka thelathini. Leo naulamba, siitambui ladha yake." Akaanza kucheka, mabega yakitikisika, kicheko kisicho na sauti. Mionzi ilikuwa imechukua na ladha. Siku ya kumi na mbili alikula uji mzito wa ulezi. Siku ya ishirini alikula ugali uliolainishwa kwa mchuzi wa maharage, akilitazama kila tonge kabla ya kulimeza.

Mwaka ule walipita wagonjwa kumi na tisa. Kumi na watatu waliweza kula mapema kuliko walivyotarajia. Wanne hawakuona tofauti yoyote, na wawili waliacha kwa kuwa mafuta yaliwatia kichefuchefu. Imaculata aliwaandika wote, na wale sita aliwaandika kwa wino uleule.

Kisha siku moja akaja mwalimu Rosemary, mwanamke wa makamo aliyevaa vizuri, na zawadi ya ndizi mbivu ndani ya kikapu.

"Nimekuja kukushukuru," alisema dirishani. "Mafuta yako yananisaidia sana."

Imaculata hakumkumbuka. "Unayapaka wapi, mwalimu?"

"Kifuani. Na mengine nakunywa, asubuhi na jioni. Uvimbe wa titi. Walitaka niende Dar es Salaam kukatwa, lakini tangu nimeanza haya, miezi minne sasa, naona moyo umetulia."

Alitoa chupa kwenye mkoba. Ilikuwa na karatasi yenye picha ya Imaculata, ile ya kitambulisho cha kazi, na maneno makubwa: MAFUTA YA MAMA IMACULATA, KIBOKO YA SARATANI. Imaculata alifungua kifuniko, akanusa. Mafuta ya kupikia, yaliyotiwa rangi.

"Umeyapata wapi?"

"Kwa mdogo wako, sokoni. Romanus."

Imaculata aliifunga chupa. Alitoka nje, akamshika Rosemary mkono, akampeleka mwenyewe kwa Dokta Clinton, na njiani alimwambia ukweli wote bila kuupamba: kwamba ameibiwa miezi minne, kwamba aliyemwibia ni mtoto wa mama yake Imaculata, na kwamba asiongeze hata siku moja. Rosemary alilia. Kisha akakasirika, na Imaculata alifurahi kumwona amekasirika.

Sokoni alimkuta Romanus nyuma ya meza yake ya makava ya simu. Chupa zilikuwa zimepangwa safu mbili mbele.

"Dada! Karibu."

Imaculata alichukua chupa ya kwanza, akaimwaga kwenye mtaro. Akachukua ya pili. Watu wakaanza kukusanyika.

"Dada, unanitia aibu. Mimi nilitaka jina lako lisimame!"

"Jina langu lina miguu yake." Sauti yake, ambayo tangu mionzi ilikuwa imebaki ya kukwaruza, haikuweza kupanda, ikabidi watu wanyamaze ili wamsikie. "Kuna mwalimu amekaa na uvimbe miezi minne kwa sababu ya sura yangu kwenye karatasi yako. Mwanamke aliyekuamini. Akifa, utamlilia wewe?"

Imaculata alizimwaga zote, chupa thelathini na moja, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Lakini zilizokwisha kuuzwa zilikuwa mikononi mwa watu, na hizo hakuweza kuzimwaga. Ndipo alipomwambia Dokta Clinton kwamba anakwenda redioni.

"Usiende," daktari alisema. "Watu hawatatofautisha yake na yako. Watasema hospitali ndiyo ilianzisha. Wakubwa wataifunga kazi yote."

"Waifunge."

"Wagonjwa wako je?"

Swali hilo lilimchoma, na alilibeba moyoni usiku na mchana kwa siku mbili. Siku ya tatu alikwenda.

Alizungumza dakika ishirini katika redio moja ya pale mjini, akinywa maji kila baada ya sentensi mbili, na msikilizaji aliweza kusikia kila funda. Alimtaja mdogo wake kwa jina. Alisema mafuta yanayouzwa sokoni si yake. Akasema na yale yaliyo yake hayatibu saratani, hayajawahi kuitibu, wala hayataitibu. Ni ya kukinga mdomo uliochubuka, na hata hapo hayamsaidii kila mtu.

Msikilizaji mmoja alipiga simu kwa ukali. "Wewe mbona umepona? Umejipaka, umepona, sasa unatunyima!"

"Mimi nilipona kwa mionzi iliyoniunguza," Imaculata alisema. "Mafuta yalinisaidia kumeza. Kumeza si kupona, kaka yangu. Mwenye uvimbe na anayenisikia, aende hospitali leo. Asinisubiri mimi."

Yakatokea yale aliyoyasema Dokta Clinton. Wakubwa walisimamisha kazi yote. Walikuja wakaguzi watatu, wakachukua chupa, wakamtaka ajieleze kwa maandishi. Alijieleza kurasa kumi na nne, na ukurasa wa kwanza ulianza kwa kukiri kwamba alitunza chupa za majaribio nyumbani kwake, ambako Romanus aliziona. Kosa hilo lilikuwa lake na hakumsukumia mtu. Miezi mitano meza ilikaa tupu.

Katika miezi hiyo alirudi kutoka Dar es Salaam mama mmoja wa watoto wanne, Adela, mdomo wote umebabuka. Alipita kipindi chake kwa maji ya chumvi na dawa za maumivu. Imaculata alikwenda kwake kila Jumamosi, akamsukutulisha, akamkorogea uji. Siku ya kwanza tu alimweleza kwamba kipo kitu ambacho huenda kingemsaidia, na kwa nini hakipo. Adela alimtazama kwa uchungu.

"Ungenyamaza kidogo tu," alisema. "Ungesubiri mimi nipite."

Imaculata aliendelea kukoroga uji. Hadi leo akiulizwa kama anajutia redio husema hapana, kisha humtaja Adela, kisha huendelea na kazi.

Ruhusa ilirudi mwezi wa sita tangu kazi isimamishwe, safari hii kwa barua yenye mhuri, masharti ukurasa mzima, na agizo kwamba wanafunzi wa chuo cha afya wafundishwe kutengeneza ili kazi isiwe ya mtu mmoja. Rosemary alikatwa titi, akamaliza tiba, amerudi darasani. Dokta Clinton alihamishwa. Siku ya kuaga alikuja dirishani, Imaculata akamlazimisha arudie masharti yote ya kuhifadhi mafuta yale kwa mdomo wake, naye akayarudia yote kama mwanafunzi, akakosea moja.

Desemba iliyopita mvua zilipoanza, Imaculata alikuwa shambani Maposeni anapanda mahindi, ingawa madaktari walimwambia bega la kushoto lisishike jembe. Romanus, ambaye hawakuwa wameongea mwaka na zaidi, alitokea kwenye njia ya miguu, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Alisimama ukingoni mwa shamba.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekuja..."

"Rosemary anafundisha shule ileile. Umekwenda?"

Romanus alitazama chini. "Bado."

"Basi nenda kwanza. Ukitoka kule, njoo. Jembe la pili lipo."

Alimwona anageuka, anarudi alikotoka, polepole, mvua ikianza kunyesha tena. Imaculata alichukua chupa yake kiunoni, akalowesha ulimi, akainama kwenye mstari uliofuata.